Ndama Niliyemtunza

Juzi nilimkuta mdogo wangu Neema akimnywesha mwanakondoo kwa chupa. Baba alikuwa akimwambia, "Mtunze vizuri. Anayemtunza mnyama ndiye mwenyewe." Nilichemka.

Maneno hayo aliniambia mimi pia, hapa hapa Endabash, nilipokuwa na ndama mwekundu. Nilimng'oa kupe kwa vidole. Nilinuka maziwa mpaka wenzangu shuleni wakanicheka. Mchana mmoja jirani yetu, Mzee Safari, alikuja na kamba.

"Ndama wangu amenenepa!" alisema akicheka.

Nilidhani anamwiba. Nilimtazama baba nikitarajia amzuie, naye akamsaidia kumtoa zizini. Nilisikia ndama akilia mpaka walipovuka korongo.

Siku hizi najua kwamba mama wa ndama yule alikuwa ng'ombe wa Mzee Safari, aliyewekwa kwetu: maziwa tunywe sisi, ndama wawe wake. Desturi siilaumu. Lakini baba alijua tangu siku ya kwanza.

Mimi si msemaji, na mbele ya baba ndiyo kabisa. Juzi nilisema, "Baba, mwambie Neema huyo kondoo ni wa nani."

"Kumbe una mdomo," baba alinijibu.

Neema alishusha chupa, akamtazama baba, akangoja jibu.