Mama Kifungu na Bomba la Gesi

Ofisini walimwita Mama Kifungu, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Lilikuwa jina la kumsindikizia akishapita koridoni, kwa sauti ya chini, na kicheko kidogo nyuma yake. Alikuwa mwanasheria wa serikali katika wizara ya nishati, na kazi yake ilikuwa kusoma mikataba ambayo wakubwa wake walipenda kuisaini bila kuisoma. Mabomba, nyaya za umeme za kuvuka mpaka, matangi ya mafuta: chochote chenye mwekezaji upande mmoja na wapiga picha upande wa pili kilipita mezani kwake kwanza. Sheria ndiyo iliyolazimisha kipite. Isingelazimisha, meza yenyewe wangeshaipeleka stoo zamani.

Mwaka ule mji mzima ulikuwa unaimba bomba. Gesi ingetoka kwetu, ivuke mpaka, ipite nchi jirani hadi kwenye viwanda vyao. Kampuni ya kigeni ingejenga, serikali mbili zingekubaliana, na kila mwenye suti alishajiona kwenye picha ya uzinduzi.

Kiongozi wa timu yetu alikuwa Katibu Mkuu, mtu mwenye kipaji kimoja tu, cha kuitikia kwa kichwa. Alimwitikia waziri, akawaitikia wawekezaji, na siku moja wahasibu waliapa kwamba walimwona akilitikisia kichwa feni lililokuwa linazunguka kutoka upande hadi upande. Kwa kipaji hicho alipanda ngazi mpaka juu kabisa.

Mama Kifungu aliisoma rasimu ya kampuni kuanzia jalada hadi viambatisho, na katikati akakuta kitu kilichomfanya avue miwani. Kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba kwa miaka arobaini serikali haitabadilisha sheria yoyote inayoligusa bomba. Yaani bomba likivuja karibu na visima vya watu, Bunge likitunga sheria kali ya kuwalinda, kampuni ingekuwa na haki ya kuipuuza au kudai fidia. Watoto ambao hawajazaliwa walishafungwa mikono, na waliowafunga walikuwa wanasubiri chai.

Akaandika ushauri wake kwa lugha ambayo hata mtu mwenye usingizi angeielewa. Ukarudi na neno moja pembeni: "Nimeona." Akapanda ngazi mwenyewe.

"Mkuu, kifungu hiki hatuwezi kukikubali."

"Mama, hawa watu wametoka mbali."

"Sisi tuko hapahapa, Mkuu. Na bomba litakuwa hapahapa."

Katibu Mkuu akashusha pumzi kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu. "Hicho ndicho wanachokitaka kuliko vyote. Tukikigusa, wanafunga mabegi."

"Wamekuambia hivyo?"

"Hawana haja ya kuniambia. Ukikaa sana na watu wakubwa unajua tu wanachotaka."

Mama Kifungu akachukua rasimu yake, akatoka. Baadaye alimwambia mumewe kwamba lingekuwa jambo la heri kama angekuta rushwa mle ndani, maana rushwa angalau ina akili. Alichokikuta kilikuwa woga uliopigwa pasi na kuvishwa tai.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa na biashara ya kukodisha mahema, na alishaahidiwa sherehe ya kusaini. Jioni moja akaja na tabasamu la mtu anayetaka kitu, akakaa ukingoni mwa kochi.

"Shemeji, wewe ndiye kichwa cha familia hii. Bila wewe tungekuwa wapi?"

"Usinivishe kilemba cha ukoka. Sema shida yako."

"Nasikia unachelewesha bomba kwa sababu ya kifungu. Sasa kifungu kimoja tu, shemeji, kinakula nini?"

"Kinakula sheria zote zitakazotungwa mpaka wajukuu zako wapate mvi."

"Lakini mahema nimeshayafua."

Mama mkwe, aliyekuwa akipepeta mchele huku masikio ameyatega, akamgeukia mwanawe. "Yakunje uyarudishe ulikoyatoa. Mke wa kaka yako anazungumza habari za nchi, wewe unaleta habari za turubai." Mama mkwe hakuwa mwepesi wa kumtetea mkamwana wake, kwa kawaida alimlaumu kwa kila kitu, kuanzia chumvi hadi mvua. Usiku ule Mama Kifungu alilala akiwa na furaha ndogo iliyomshangaza.

Mkutano wa mwisho ulifanyika katika hoteli moja ya mji wa mpakani. Zulia lilikuwa na maua makubwa, viyoyozi vilinguruma, na kila kiti kilikuwa na chupa ya maji ambayo nusu yake ilimwagika kwenye makabrasha. Upande wetu walikuwapo wajumbe wengi kuliko viti. Wengine hata jina la mradi hawakulijua vizuri; mmoja alitumia asubuhi nzima akiuita bomba la maji, na hakuna aliyejisumbua kumrekebisha.

Wakati wa chai, Mama Kifungu alijikuta kwenye foleni ya vikombe pamoja na mwanasheria wa serikali ya nchi jirani, mwanamke mwenye viatu vya chini na sauti ya taratibu. Wakaanza kama wanavyoanza watu wa kazi moja, kwa kuwasengenya wakubwa wao.

"Kile kifungu cha kugandisha sheria nyie mmekifanyaje?" Mama Kifungu akauliza.

"Kipi? Kile cha miaka arobaini? Tulikikataa siku ya kwanza."

"Wakasemaje?"

"Wakakifuta. Wakatuambia wanakiweka katika kila rasimu, kuona nani atakiacha." Akakoroga chai yake, kisha akasita. "Msiniambie nyie bado mnacho."

Mama Kifungu akakiweka kikombe chini. Uso ulimwaka moto. Kwa majuma kadhaa timu ya nchi yake ilikuwa imekilinda kifungu kile kwa ukali kuliko kampuni iliyokileta. Walikizungushia ukuta, wakamwita mkorofi kila aliyekisogelea, na kumbe mwenyewe alikiacha mlangoni kama mwavuli aliousahau.

Kikao kiliporudi aliomba nafasi. Katibu Mkuu akamkanyaga mguu chini ya meza. Akauvuta mguu, akasimama.

"Nauliza upande wa kampuni," alisema. "Bomba ni moja. Upande wa pili wa mpaka Bunge litakuwa huru kubadilisha sheria, upande wetu halitakuwa huru. Je, mradi wenu unakihitaji kifungu hiki?"

Mwanasheria wa kampuni akainamiana na mwenzake. Hawakunong'ona kwa muda wa kutosha hata mtu kumaliza kupiga chafya.

"Tunaweza kukiondoa," akasema. "Hakuna tatizo."

Yule wa bomba la maji akauliza jirani yake ni nini kimeondolewa. Katibu Mkuu alitazama meza, akatazama dari, kisha kichwa chake, kwa mazoea, kikaanza kuitikia.

Siku ya kusaini, mahema ya Shemeji yalisimama vizuri, hilo lisemwe. Katibu Mkuu akashika kipaza sauti akaeleza jinsi alivyopambana kufa na kupona na kampuni mpaka ikakubali kulegeza masharti. Watu walipiga makofi. Mama Kifungu hakualikwa. Alitazama kwenye televisheni akiwa na mama mkwe.

"Huyu ndiye bosi wako?"

"Ndiye, mama."

"Mtu mzima anavaa nguo za kuazima," mama mkwe akasema, akaomba wabadilishe chaneli.

Baada ya hapo walimhamishia kitengo cha sheria ndogo za halmashauri, akashughulikie mabango na mbwa wanaozurura. Katibu Mkuu akaanza kualikwa huku na huko kufundisha mbinu za majadiliano. Bomba lilijengwa. Mwaka wa tatu lilivuja kidogo bondeni, Bunge likatunga sheria ya ukaguzi, na kampuni ikaitii bila kelele. Hakuna aliyemkumbuka Mama Kifungu, naye hakutuma mtu awakumbushe.

Kisha likaja suala la kebo ya umeme ya kupita chini ya ziwa, na Katibu Mkuu mpya akamwita. Alimkuta ndani ya chumba cha mikutano, rasimu ikiwa wazi, wajumbe wameshajaa.

"Mama, tunahitaji jicho lako. Hawa watu wametoka mbali."

Mama Kifungu alifikiria kurudi kwa mbwa wake, ambao angalau walibweka walipoona mgeni. Halafu akavuta kiti, akaomba dirisha lifunguliwe maana chumba kilikuwa kinanuka marashi ya watu waliokwishakubaliana, akaanza kusoma ukurasa wa kwanza.