Grisi kwenye Suruali ya Mume Wangu

Msimamizi wa kundi, nifichie jina langu, kwa maana mume wangu ni mzee wa kanisa na wengi humu wanatufahamu. Mimi ni mama wa miaka sitini na mmoja, mwalimu mstaafu, na ninaishi Manga, kaunti ya Nyamira. Tuna chai kidogo, migomba, na watoto ambao wote wameshaondoka nyumbani. Sikutarajia kwamba katika umri huu ningekuwa mke wa kupekua nguo za mumewe.

Mambo yalianza kitinda mimba wetu, aliyekuwa akiishi Nairobi, alipopata kazi Mombasa akaiacha baiskeli yake kwenye stoo yetu. Sikuijali. Nilichokiona ni kwamba mzee alianza kutoka kila alasiri. Nilipomuuliza, alisema anakwenda kumtazama ng'ombe mgonjwa wa ndugu yake. Nikamwambia, "Ng'ombe gani huyo ambaye haponi wala hafi?" Akacheka, akachukua kofia, akatoka. Jioni alirudi na grisi kwenye mguu wa kulia wa suruali, na pindo limechanika. Siku nyingine niliona ndala yake ya kulia imelika katikati ya soli, kana kwamba imesuguliwa kwa tupa. Kisha nikauona ugoko wake umevimba na kuwa mweusi. "Niliteleza kwenye chai," akasema. Jumamosi tu, siku yetu ya Sabato, ndipo suruali ilipobaki safi. Nilifikiri kuna mwanamke. Lakini ni mwanamke gani anayempaka mtu grisi?

Jirani yangu Kemunto, ninayechuma naye chai, ndiye aliyenifumbua macho. "Mwalimu, kwani mzee amerudia ujana?" akaniuliza. "Jana amepita na baiskeli kwenye ule mteremko wa sokoni kama jiwe lililotupwa! Vijana wa boda wanampigia makofi, naye mguu mmoja uko hewani!"

Nilikwenda stoo moja kwa moja. Ni baiskeli nyembamba, nzuri kwa macho. Nilitafuta breki kwenye usukani, sikuiona. Nilitafuta kwenye gurudumu la mbele na la nyuma, sikuona kitu. Nikampigia mwanangu simu.

"Mum, haina breki kwa makusudi," akasema. "Pedali zimeshikana na gurudumu la nyuma. Gurudumu likizunguka, nazo zinazunguka. Ukitaka kusimama unazizuia kwa miguu."

"Kwa miguu ya nani?"

"Ya mwenye kuendesha."

"Miguu ya baba yako haiwezi hata kupiga magoti bila kushika kiti!"

Akacheka. "Mwache mzee afurahi, Mum. Nairobi tunaziendesha hivyo tu." Nikamkumbusha kwamba Nairobi hakuna mteremko wa Manga, wenye kona, ng'ombe, na pikipiki zilizopakia ndizi.

Hapo ndipo nilipoielewa ile ndala. Zamani, wanaume wa huku walioshusha ndizi sokoni kwa baiskeli, breki zikikatika, walitoa mguu kwenye pedali wakakandamiza soli ya kiatu kwenye tairi. Baiskeli zile zilikubali, kwa kuwa pedali zilitulia mguu ulipoondoka. Hii haikubali. Ukitoa mguu, pedali zinaendelea kuzunguka kwa kasi ileile ya gurudumu na kukuchapa ugoko, na mguu uliobaki hauna nguvu ya kuzizuia. Mume wangu anaendesha baiskeli ngeni kwa ujuzi wa baiskeli ya kale, na ujuzi huo ndio utakaomuua.

Nilipomkabili hakukana. "Nimeushuka mlima huu kabla sijakuoa," akasema. "Ni mara ya kwanza tu iliponipiga teke kama punda. Sasa tumezoeana." Kisha akasema neno lililoniuma. "Hapa nyumbani mimi ni mtu wa kukumbushwa dawa. Kule chini vijana wananiita Kijana." Nilimwambia tu kwamba kama lazima aiendeshe, ifungwe breki ya mbele. Akakubali papo hapo. Ndugu zangu, katika miaka yote ya ndoa yetu mtu huyu hajawahi kukubali jambo kabla chai haijapoa. Nikaanza kushuku upya.

Breki ilifungwa kweli. Fundi mwenyewe aliniambia aliijaribu na ikashika. Lakini wiki hii mzee amejifulia suruali kwa mikono yake, jambo ambalo sijawahi kuliona. Leo asubuhi, Jumapili, alipokuwa akioga, niliingia stoo nikakagua. Raba za breki zinang'aa kama zilivyotoka dukani. Nikalizungusha gurudumu la mbele, nikavuta mkono wa breki, ukalegea hadi mwisho, na gurudumu likaendelea kuzunguka. Waya ulikuwa umefunguliwa, ncha yake imekunjwa vizuri na kufichwa chini ya utepe wa usukani. Kemunto ananiambia vijana wa boda wanamngojea leo alasiri, ashuke kutoka juu kabisa hadi sokoni.

Nimefunga stoo na ufunguo ninao kiunoni. Nikiwaambia wazee wenzake wa kanisa, nitamwaibisha mtu ambaye hajawahi kuniaibisha. Nikiiuza baiskeli, si mali yangu. Nikinyamaza, nitaitwa kule chini barabarani nikamtambue. Wenye kujibu kwa vicheko wapite, hili ni la watu wazima. Ninaandika haya nikiwa nimekaa mlangoni mwa stoo, naye yuko sebuleni anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake. Stoo hii ina dirisha upande wa nyuma, na sikumbuki kama nilitia komeo.

Nishaurini, na mnishauri upesi. Wimbo umekoma.