Kabati la Vitabu na Mdahalo wa Miwa

Maktaba ya shule yetu ilikuwa kabati. Kabati moja tu, na lilikuwa tupu hata panya walilihama kwa kukosa cha kutafuna. Basi siku yalipoletwa maboksi ya vitabu vipya, nakuapia, harufu ya karatasi ilifika mpaka msitu wa Isecheno na kima wakanyamaza.

Wakati huo mchana nilikata miwa, jioni nilikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakinigusa kidevu, nikisoma na wenzangu wa ngumbaru, darasa la watu wazima. Ndani ya boksi moja nilikiona kitabu cha injini za trekta, chenye picha. Miaka ile ya sukari, dereva wa trekta la miwa alikuwa mfalme. Hata mbwa walimsalimia. Nilikitaka kitabu kile kuliko nilivyomtaka mke wangu, naye anajua.

Lakini mwalimu mkuu alifunga kabati, akatia ufunguo mfukoni.

"Nyinyi mtavirudisha na masizi ya miwa," alituambia. "Hivi ni vya wanafunzi wa mchana."

Tulilalamika mpaka akachoka. Akasema haya, Jumamosi tushindane na chama cha mdahalo cha wanafunzi wa mchana. Tukishinda, tutaazima vitabu kama wao. Mwamuzi ni yeye mwenyewe. Hoja: miwa ni bora kuliko mahindi. Vijana wakawahi kuchagua miwa. Mimi, mkata miwa, nikaachiwa mahindi!

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi kuta zikavimba. Vijana walimwekea mwamuzi vipande vya miwa vilivyomenywa, naye akaanza kutafuna. Msemaji wao, mwenye tai ndefu kama barabara ya Navakholo, akasema miwa imeezeka nyumba mabati, imelipa karo, imenunua redio. Watu wakashangilia. Nilipoinuka mimi, hoja zote nilizopanga zikabaki kitini.

"Mahindi," nikasema, "mahindi ni... mengi."

"Baba, kaa tu!" kijana mmoja akapaza sauti. "Ngumbaru amemaliza!"

Kitabu changu nikakiona kinakwenda hivi hivi. Ndipo akasimama mwenzangu wa dawati, mama muuza mboga. Hakugusa hoja. Alisalimia kwa heshima, kama anayekaribisha mgeni.

"Mwalimu, habari ya mchana? Umekula?"

"Aa, mama, bado," mwalimu mkuu akajibu, kama mtu yeyote wa kwetu angejibu. "Tangu asubuhi sijala kitu."

Mama akayatazama makapi ya miwa yaliyorundikana mbele ya mwalimu kama Mlima Elgon. Ukumbi mzima ukayatazama.

"Basi nimemaliza," akasema, akaketi.

Kicheko kilichozuka kiling'oa mabati mawili. Kijana wa tai akaruka: "Mwalimu, hiyo si hoja!"

"Nenda nyumbani umwambie mama yako umeshiba miwa," mwalimu mkuu akamjibu, akijifuta machozi. "Mama, umenipiga kwa ugali wa mahindi, obusuma ambao hata haujapikwa!"

Akafungua kabati palepale. Kitabu cha trekta alinipa mimi, ila kwanza alinituma bombani ninawe mikono. Nilisugua hadi mistari ya viganja ikakaribia kufutika.

Nyumbani nilikifungua kabla sijavua viatu. Mke wangu akakichukua, akakiweka juu ya kabati la vyombo.

"Umekula?" akauliza.

"Bado."

"Basi injini itangoja. Nawa."