Nukta ya Katikati

Ijumaa tarehe 17 Juni 1938, Nassibu bin Ngollo, mfua shaba wa mjini Tabora, alitolewa kwenye duara la dhikiri aliloliongoza kwa sauti tangu ujana wake. Kosa lake ni bamba la shaba.

Bamba hilo liliagizwa na Valabdasi, Mhindi mwenye duka la vitambaa. Lina pembetatu zilizopandana ndani ya duara, na nje yake uzio wa mraba wenye milango. Majirani walisema ni mzimu wa Kihindi.

Kazi yenyewe ilianza vibaya. Mfua shaba hugonga nukta ya katikati kwanza, ili bikari ya kuchorea duara ipate pa kusimama. Valabdasi alipoiona alishika kichwa.

"Fundi, umeanzia mwisho! Jicho huingia mlangoni, nukta huifikia baadaye."

"Bikari haina dini, Bwana. Inataka tundu."

Mhindi akacheka. Alimweleza kuwa katika Tantra, njia ya ibada ya Kihindi anayoifuata pamoja na yoga yake, namna za kuchora ni mbili. Mtawa anayeuaga ulimwengu hutoka nje kwenda ndani. Mwenye mke na watoto huanza katikati, pale ulimwengu ulipochipukia. Mwili, alisema, si taka ya kutupwa. Ni nyumba ya Mungu, na pumzi ndiyo ufunguo. Akaketi mkekani, akavuta pumzi, akaizuia, akaiachia taratibu. Tangu siku hiyo Nassibu hupita dukani asubuhi kumtazama.

"Mhindi wako anapumua kama mivuo ya kupulizia moto," mkewe, Batuli, humtania. "Na yako imelala hapa, moto umezimika!"

Jumatatu, Sheikh Mabruki, mkuu wa dhikiri, alifika karakanani. Alilitazama bamba kwa muda.

"Unalisujudia?"

"Hasha, Sheikh. Nalifua."

"Basi waambie wenzako ni kazi tu, urudi mahali pako."

"Kulifua ni kazi. Ile pumzi ya Mhindi siyo. Nikiitazama naikumbuka ya kwetu ya dhikiri."

"Ya kwetu ina jina la Mwenyezi Mungu ndani yake, Nassibu."

"Najua. Ndiyo maana siwezi kusema uongo ili niirudie."

Sheikh alivaa makubadhi yake, akaondoka bila kunywa kahawa aliyomiminiwa.

Bamba litakabidhiwa Alhamisi. Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, Nassibu ataketi kwenye baraza, nje ya chumba cha dhikiri, akifuatisha pumzi za wenzake kupitia dirishani.