Meseji Niliyopata Nikiwa Roma

Admin, usitaje jina langu wala la kanisa letu. Hapa Boito watu wanajuana.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mwalimu wa shule ya msingi. Nina watoto watatu. Mkubwa ni msichana wa miaka ishirini na moja, yuko chuo, na hapa nitamwita Chebet. Mume wangu alikuwa mkulima wa chai na ng'ombe wa maziwa. Nasema alikuwa kwa sababu amekufa, na hicho ndicho kisa chenyewe.

Mwaka jana kanisa letu lilipanga safari ya kufuata njia ya Mtume Paulo: Uturuki, Ugiriki, halafu Roma. Siku kumi na moja. Tangu utotoni nilikuwa nasoma Efeso na Korintho kwa Biblia bila kufikiria kwamba ni mahali mtu anaweza kufika na kununua chupa ya maji. Baba Chebet alikataa kuja. Alisema, "Nani atakamua? Nenda uone, unitumie picha." Alinisindikiza mpaka Sotik, mahali basi la kanisa lilikuwa linatungoja. Akanishika mkono kama mtu anayeagana na mgeni, akarudi.

Efeso ni mawe matupu. Kuna barabara ya marumaru iliyolainishwa na miguu ya watu, kuna uwanja wa kukaa maelfu, na paka wanalala juu ya nguzo zilizoanguka. Nilituma picha. Akajibu, "Ni pazuri. Ng'ombe wa huko ni aina gani?" Nilicheka peke yangu. Kesho yake nikapiga picha ya ng'ombe mmoja kwa dirisha la basi, nikamtumia. Akajibu, "Huyo amekonda."

Hiyo ndiyo ilikuwa meseji yake ya mwisho, lakini sikujua.

Siku ya nne tulivuka kwenda Ugiriki. Nikapiga simu, haikushikwa. Baadaye meseji ikaingia: "Network ni mbaya huku, mvua ni nyingi. Niandikie tu." Basi nikawa naandika. Nilimwandikia vile tulipanda ule mwamba wa Athene ambapo Paulo alihubiri, na vile unateleza mpaka mzee wa kanisa akashuka akiwa ameketi. Nikamtumia mfereji wa Korintho, umechimbwa katikati ya jabali na meli inapita chini kabisa, ndogo kama kiatu. Kila picha ilijibiwa haraka. "Umependeza." "Hiyo kofia inakufaa." Habari za ng'ombe hakuuliza tena. Nilidhani ni kwa sababu amenikosa.

Tuliporudi Nairobi, shemeji yangu mkubwa ndiye alikuwa uwanja wa ndege. Nikamuuliza, "Baba Chebet yuko wapi?"

"Yuko nyumbani."

Akabeba begi langu, tukaingia gari lake. Kwa kona ya mwisho nikaona mahema meupe mbele ya nyumba yetu, karibu na chai. Nikauliza, "Ni nani?" Akapunguza mwendo, akavua kofia, hapo nikajua.

Alianguka akichuma chai asubuhi ile tulivuka kwenda Ugiriki. Walimkimbiza hospitali ya Kapkatet, akakata roho kabla wafike. Shemeji ndiye aliamua nisiambiwe. "Ungefanya nini huko, Mama Chebet? Ulienda na kundi, huwezi kurudi peke yako. Tuliona heri umalize." Simu ya marehemu alipewa Chebet, ambaye alikuwa nyumbani likizo. Ni yeye alikuwa ananijibu.

Sikulia. Niliingia chumbani nikafungua begi, nikatoa nguo chafu, nikazifua huku wamama wakinitazama. Siku ya mazishi nilikaa kwa kiti nilichoonyeshwa. Sasa ni miezi mitano. Nafundisha, nakamua, nachuma chai, nalala. Watu wanasema nimejikaza. Sijajikaza. Ni vile hakuna kitu ndani cha kukaza.

Juzi Chebet alinifuata jikoni. "Mama, nichape kama unataka."

"Sitaki."

"Basi sema kitu."

Nikamwambia atoe sufuria motoni, maziwa yanamwagika. Alitoa, halafu akaongea tu. Alisema ndani ya gari la kwenda hospitali kichwa cha baba yake kilikuwa kwa mapaja yake. Baba alimwambia, "Usimsumbue mama yako." Halafu akasema, "Na mwambie..." Sikungoja Chebet amalize. Nilibeba ndoo nikatoka nje.

Kuna jambo sijaambia mtu yeyote. Roma, nikiwa nimeketi kwa ngazi nje ya kanisa kubwa, niliandikiwa hivi: "Mama Chebet, nakupenda. Asante kwa maisha yetu." Kwa miaka ishirini na tatu mume wangu hakuwahi kuniambia hivyo. Yeye alikuwa mtu wa kunipasulia kuni na kunibandikia maji ya kuoga. Nilisoma hiyo meseji mara nyingi mpaka simu ikazima. Nililia kwa furaha, mke wa pasta akanikumbatia akidhani nimeguswa na mahubiri. Sijawahi kufurahi hivyo katika ndoa yangu yote. Na hiyo ilikuwa siku ya tano mume wangu akiwa mochari.

Chebet anarudi chuo wiki ijayo. Amesema kama nitaendelea kumwangalia kama mpita njia, likizo atakuwa anaenda kwa shangazi yake. Sina hasira naye. Naogopa tu kumuuliza. Kama yale maneno ya Roma ndiyo baba yake alimtuma kwa gari, basi mume wangu aliniaga, na huyu mtoto alibeba salamu yake akaifikisha. Kama aliyatunga mwenyewe kwa kunihurumia, basi hata ile siku moja haikuwa yangu.

Wenye mmewahi kuzika mtu hivi, niambieni. Ningekuwa dada yenu, mngeniambia nimuulize kabla aende, ama nimkumbatie tu na ninyamaze?