Shimo la Ndizi Nyuma ya Kota

Mama alipoikuta alama nyekundu ya X kwenye ukuta wa jikoni kwake, kilichomuudhi zaidi ni kwamba waliochora hawakupiga hodi. Alinipigia simu Kibondo, ninakoishi, akalalamikia adabu ya watu wa siku hizi mpaka salio likaisha. Habari ya kubomolewa nyumba niliipata kwa jirani.

Kota zetu za kiwanda cha kukoboa kahawa, pale Kasulu, zilikuwa zimetulea wote. Kiwanda kilikufa zamani, na baba, aliyekuwa fundi wa mashine, akakifuata. Walibaki wajane, wastaafu na vijana wa bodaboda, watu wanaotambuana kwa kikohozi kupitia ukutani. Sasa eneo lilitakiwa kwa ajili ya stendi mpya, nao walishaonyeshwa viwanja pembeni ya mji, mmoja huku, mwingine kule.

Nilikwenda kufunga vyombo. Nikamkuta mama nyuma ya nyumba, udongo hadi magotini, anafukia ndizi.

Alikuwa amepita kila kota akikata mikungu iliyokomaa kwenye migomba ya majirani, na hakuna aliyemkatalia. Shimo alilitandika majani ya mgomba, akapanga ndizi zote humo ziive kwa joto. Zikiiva zingekamuliwa, juisi ingechanganywa na unga wa mtama, na tungepata pombe.

"Tutaagana kwa chungu kimoja," alisema. "Wakishatawanyika hawa, nani atawakusanya tena?"

"Mama, katapila linakuja wiki ijayo."

"Lije. Ndizi haziharakishwi, mwana wanje."

Nilicheka, lakini nilikuwa na wasiwasi. Shimo likifunuliwa mapema ndizi huwa mbichi, hazitoi kitu, na migombani hakukuwa kumebaki mikungu mingine.

Katapila halikungoja wiki ijayo. Lilikuja ndizi zikiwa bado chini. Watu walikimbilia kung'oa mabati yao, mimi nikakimbilia magodoro. Mama alivuta kochi lake la kijani, akaliweka juu kabisa ya shimo, akakaa na ungo wake, akaanza kuchambua maharage. Dereva alizima injini, akashuka.

"Shikamoo mama. Mbona umekaa hapo?"

"Marahaba. Nimekalia ndizi."

Kijana yule akainama, akanusa. Nilidhani angetucheka.

"Bado hizi," akasema.

"Ego," mama akaitikia kwa Kiha. "Bado."

Akajikuna kichwa. Kwao ni Nyabibuye, akatuambia, na mama yake hawezi kumsamehe mtu aliyefukua shimo lisiloiva, hata akiwa mwanawe wa kumzaa. Akarudi kwenye mashine yake, akaanzia upande wa pili wa kota. Msimamizi wake alipofoka, alimjibu kwamba huku nyuma kuna shimo na ardhi ni laini. Hakudanganya hata neno moja.

Nyumba yetu nayo ilianguka, mama akiwa palepale kwenye kochi. Vumbi lilipotulia alikuwa mweupe mpaka kwenye kope, na maharage yake ilibidi yachambuliwe upya. Hakutoa chozi. Alitukana vumbi tu.

Ndizi ziliiva. Wanawake walikamua pamoja, kwa majani na kelele nyingi, na pombe ilipokuwa tayari mama akaamuru chungu kiwekwe sebuleni. Sebule yenyewe ilikuwa sakafu nyekundu ya saruji iliyobaki kati ya vifusi. Majirani walikuja kutoka kwenye viwanja vyao vipya, wakaketi kukizunguka chungu. Mama, kama mwenye pombe, alinyonya mrija wa kwanza, kisha mirija ikapita. Dereva naye alialikwa, na walimtania mpaka akaficha uso.

Jirani yetu mwenye duka, Mwislamu, alikuwa amewekewa juisi yake pembeni, isiyotiwa mtama. Alifika amechelewa, akakatiza moja kwa moja palipokuwa chumba cha kulala cha mama.

"We baba!" mama akafoka. "Mlango uko huku!"

Mzee wa watu akarudi nyuma, akazunguka, akasimama mbele ya nafasi tupu. "Hodi!"

"Karibu."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini tangu hapo hakuna aliyepita kwingine. Hata jua lilipoelekea kuzama na watu kuanza kuaga, kila mmoja alitoka kwa kupitia mlangoni, wengine wakiinamisha kichwa kidogo, maana mlango ule ulikuwa mfupi.

Nilikibeba chungu kitupu, nikatangulia. Nilipogeuka, mama alikuwa bado amesimama pale, mgongo kwangu, mkono umenyooshwa kwenye hewa mahali lilipokuwa komeo.

"Mama, twende."

"Subiri nifunge," akasema.

Nikakiweka chungu chini, nikamsubiri.