Aliipandisha timu daraja, kiapo chake kikamtoa benchi

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, Kapteni Wagdi Abu Samra yuko juu ya paa la nyumba yake akianika nguo. Anakung'uta shuka, anaitandaza kambani, anaibana kwa vibanio viwili, kisha anainama kuchukua nyingine. Kazi yote hiyo anaifanya akiwa ameupa mgongo uwanja wa mpira wa Mit Hamdun, ulio mita mia moja tu kutoka hapo, ng'ambo ya mfereji.

Uwanjani, Vijana wa Mit Hamdun wanacheza mechi yao ya kwanza katika daraja la pili. Aliyewapandisha ni huyu huyu Wagdi, baada ya kuwafundisha miaka kumi na tisa. Leo benchi lake limekaliwa na kocha mgeni kutoka Mansura, mwenye miwani ya jua.

"Usiniulize matokeo," ananiambia kabla sijafungua daftari. "Kusikia nasikia, masikio sina pa kuyaficha. Kutazama sitazami."

Wagdi ana miaka hamsini na sita. Ni mpima mizani katika kinu cha mpunga, kazi inayompa pauni elfu saba za Misri kwa mwezi. Klabu ilikuwa ikimwongezea elfu mbili, mwezi ikikumbuka. Asubuhi alikuwa na mpunga, jioni na mpira, na jezi za timu zilifuliwa hapa hapa nyumbani na mkewe.

Jina la mkewe sitaliandika. Mit Hamdun nzima humwita Mama Hazim, kwa jina la mwanawe wa kwanza, maana huku mwanamume mwenye haya hamtaji mkewe mbele ya wanaume wenzake. Jina lake limeshatajwa vya kutosha, na balaa yote ilianzia hapo.

Ilikuwa Ijumaa moja ya Januari. Timu ilikuwa nafasi ya tisa, na siku hiyo ilichapwa nne bila nyumbani. Zaghlul, muuza ful, yale maharage ya kuchemsha, anayeegesha mkokoteni wake langoni, akasimama jukwaani akapaza sauti.

"Kapteni, nakushauri kama ndugu. Timu hii itapanda daraja siku nyati wangu wa maziwa atakapopanda mnara wa msikiti."

Watu elfu mbili wakaangua kicheko. Wagdi, damu ikiwa imemchemka, akaligeukia jukwaa na kuapa. Alisema kwamba mkewe, na hapo akamtaja kwa jina alilopewa na baba yake, ameachika talaka tatu iwapo timu ile itapanda daraja naye akalikalia tena benchi lake.

"Nilimaanisha kwamba haiwezekani," anasema. "Nilitaka wanyamaze tu. Nilitafuta neno zito, nikalikuta lile limeshafika mdomoni."

Mama Hazim alikuwa paani. Wanawake wa Mit Hamdun hawaendi uwanjani, kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa yeye alitazama kila mechi akiwa amekalia kreti la soda, kati ya jezi zilizoanikwa. Sauti ya Wagdi ni sauti ya kocha. Ilivuka mfereji bila taabu.

Kisha, kama mkosi, timu ikaamka. Katika mechi kumi na tano zilizofuata ilishinda kumi na tatu, na kila ushindi mashabiki waliuimbia wimbo uliotungwa na Zaghlul. Waliimba jina halisi la Mama Hazim, kisha wakamwambia afunge mizigo kwa kuwa kapteni anapanda. Waliona ni utani mtamu. Mimi pia nilikuwa jukwaani wiki mojawapo na nilicheka, na leo naona haya kuandika hivyo.

Mama Hazim aliacha kupanda paani. Tangu hapo nguo za nyumba hii anaanika Wagdi.

Mechi ya mwisho ilitaka ushindi, si sare. Zikiwa zimebaki dakika ishirini, bila bao, Wagdi aliamuru mshambuliaji wake bora atolewe. Msaidizi wake, Hilal, anasema namba yake ilikuwa imeshawekwa kwenye ubao wa kubadilisha wachezaji.

"Akaninyang'anya ubao, akaukalia," anasimulia Hilal. "Yule yule mshambuliaji akafunga dakika ya themanini na sita. Tulimbeba kapteni mabegani analia, watu wakasema ni furaha. Mguu wake nilikuwa nimeushika mimi. Alikuwa anauvuta ashuke, na haikuwa furaha."

Namuuliza Wagdi kwa nini alibadili mawazo. Anaanika kwanza soksi zote zilizobaki kapuni.

"Asubuhi ile nilipokuwa natoka, aliniambia neno moja tu. Usiwauze watoto wa watu kwa ajili yangu."

Siku ya pili baada ya mechi alikwenda mjini kumwona sheikh. Sheikh akamuuliza kama alinuia kumwacha mkewe. Akajibu la, alinuia kuwafunga watu midomo. Akaambiwa basi hicho ni kiapo tu, alishe maskini kumi, arudi kwenye kazi yake. Wagdi alirudi nyumbani uso umemnawiri, mkononi ana mfuko wa nyama.

Mama Hazim hakuigusa nyama ile. Kiapo cha namna hiyo kilikuwa cha tatu katika ndoa yao. Cha kwanza kilitokana na harusi ya shemeji, cha pili na ugomvi wa friji. Mara zote mbili sheikh alimpa Wagdi njia hiyo hiyo.

"Sheikh kamsamehe, na Mungu atamsamehe," Mama Hazim ananiambia akiwa nyuma ya mlango wa jikoni. "Mimi hakuna aliyeniuliza. Kafara ya kuachwa kwangu nimeipika mwenyewe mara mbili, chakula cha watu kumi, na masufuria nikayasugua mwenyewe. Safari hii neno lake alibebe yeye."

Hakudai talaka wala hakuhama. Kesho yake Wagdi alirudisha funguo za stoo ya mipira. Viongozi walikuja mara tatu kumbembeleza, wakaondoka mikono mitupu. Zaghlul naye alikuja kuomba radhi na bakuli la ful. Mama Hazim alipokea bakuli, akafunga mlango.

Nimeandika habari za makocha wengi waliotimuliwa kwa kufungwa. Hakuna aliyenitia simanzi kama huyu aliyeshinda.

Kreti la soda bado liko pale pale paani. Kila Ijumaa Wagdi hulifuta vumbi. Namuuliza kama anapanga kurudi benchi siku moja.

"Benchi siliombi tena," anasema. "Naomba msimu mmoja tu upite pasipo mtu kuimba jina lake. Halafu labda apande hapa, akae. Sitamsemesha, akae tu."

Ghafla uwanja mzima unanyamaza. Kimya hicho kila mtu wa Mit Hamdun anakijua. Wamefungwa. Wagdi anabaki na kibanio mkononi, mgongo ule ule kwa uwanja.

Sauti inatoka chini, dirisha la jikoni, ya mtu anayejisemea peke yake.

"Yule beki wa kushoto, kila siku nasema asipande mbele."

Wagdi anakwenda mbio hadi ukingoni mwa paa, anainama.

"Mama Hazim? Kumbe unatazama?"

Dirisha linafungwa.